Kambi ya Nyota Tano na Nyota Moja

Jumatatu, 9 Juni 2008

Haya, umerudi. Ulikuwa wapi? Tangu theluji iyeyuke hujafungua daftari hili, na hakuna aliyekufunga mikono. Mtu hakukanyaga shule, kajifunza herufi na mvi kichwani, halafu anaziacha zipate kutu. Aibu yako mwenyewe, bibi wewe.

Leo nimekaanga samaki, nimefua, nimemfungia Tumaini chakula cha zamu. Binti yangu anauguza wazee wa watu Saint Paul usiku kucha, kisha anarudi kwa mgonjwa wake mwenyewe. Mumewe, Baba Furaha. Figo zimegoma. Kila usiku anajiunganisha na mashine, inamwingiza maji tumboni na kuyatoa mpaka asubuhi, kazi ya figo. Tangu ianze hajalala nje ya nyumba hii ya New Hope, mji wetu huku Marekani. Na alikuwa dereva wa malori.

Sasa jambo. Amekodi gari-nyumba. Gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo, watu huku wanakwenda nalo porini. Anataka kumpeleka Furaha ziwani mwezi wa saba. Alimwahidi mtoto kabla hajaugua. Daktari amekubali kwa sharti moja: pawe na umeme wa kuaminika usiku kucha. Kambini wanachomeka gari kwenye nguzo ya umeme, kwa hiyo kazi ni kutafuta kambi tu. Nikadhani ni kazi ndogo.

Jumatano, 11 Juni

Furaha amenisomea kompyuta. Mtoto wa miaka kumi na tatu, Kiswahili anasikia chote, anajibu Kiingereza. Mimi Kiingereza nasikia nusu. Tunafika.

Watu waliolala kambini wanaandika maoni na kutoa nyota kama walimu. Tano ni nzuri, moja ni mbaya. Kambi ya ziwani, mmoja anasema ni peponi, umeme hautetereki. Mwingine, kambi ileile, umeme ulikatika, maziwa ya mtoto yakaharibika. Mama wa ofisini ni malaika. Mama wa ofisini ana roho ya chuma. Vyoo vinang'aa. Vyoo vinanuka.

Nimemwuliza hawa ni watu gani, watoto wa nani. Hawataji majina, bibi, akanijibu. Nimechukia. Mtu anakuelekeza pa kumlaza mgonjwa, na jina la baba yake hataki kukutajia.

Kuna kambi ya pili, kando ya barabara kuu. Miti michache, ziwa hakuna. Hiyo wote wamekubaliana: umeme safi, malori yananguruma mpaka asubuhi. Mimi nimesema hiyo.

Jumamosi, 14 Juni

Ugomvi. Mkwe wangu anataka ziwa. Tumaini anataka barabara. Mimi niko na Tumaini.

Lakini kumwambia mkwe habari za tumbo lake siwezi. Tunaheshimiana. Hajawahi kunitajia ugonjwa wake kwa mdomo wake, wala mimi sijamwuliza. Basi tumekaa sebule moja, yeye kwenye kochi, mimi dirishani, Furaha katikati anabeba maneno. Mwambie baba yako umeme kwanza, ziwa baadaye. Mwambie bibi nimesikia. Mwambie baba yako kusikia si kukubali. Mtoto amecheka mpaka ameketi chini. Baba yake naye amecheka. Muda mrefu sijaona meno yake.

Kisha akatulia. Mwambie bibi, malori nimeyasikiliza miaka kumi na mbili. Nataka kusikia maji.

Nimekwenda jikoni.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada. Kwetu mchumba hachukuliwi kwa maneno ya barabarani. Anatumwa mtu, anaulizia ukoo. Nikasema kambi nayo tuiulizie. Mama Otieno, Mkenya wa ghorofa ya chini, alilala kwenye ile ya ziwani mwaka jana. Nimemfuata na chapati.

Amesifu mpaka chai ikapoa. "Hiyo place ni poa, Mama. Ku-drive ni masaa mawili tu, na nililala kama mtoto."

Nikamwuliza umeme je.

"Umeme wa nini? Sisi tulikuwa na tent."

Kumbe hema! Chapati zilizobaki nimerudi nazo.

Alhamisi, 26 Juni

Mkwe wangu ameamua. Ziwa. Furaha alipiga simu ofisini, mama wa huko akasema umeme hauna shida. Angesema nini?

Tumaini amenuna. Anasema mumewe hatajaribu tena safari nyingine hii ikiharibika, atakaa humu ndani mpaka mwisho. Na ni kweli. Ndiyo maana nami naogopa. Nimetoa masharti: mifuko ya maji ipakiwe, ile ambayo hospitali iliwafundisha kutumia kwa mkono mashine ikizimika. Na tochi, betri mpya.

Halafu kumezuka jingine. Wamekodi gari, wamehesabu vitanda, hakuna aliyefikiri. Chumba ni kimoja. Mimi na mkwe wangu tulale chumba kimoja, pazia katikati? Tumaini anasema Mama, hapa ni Marekani. Mkwe ni mkwe hata Marekani. Nikasema basi nabaki.

Jioni mkwe wangu ameingia na hema jipya. Ameliweka mlangoni pangu, akaenda zake. Nimengoja aondoke ndipo nikaligusa. Kitambaa kizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Tumefika. Ziwa lipo. Vyoo vya upande huu vinang'aa, vya upande ule vinanuka. Mama wa ofisini hatabasamu, lakini ametuletea kuni bila kuombwa. Umeme unawaka. Mbu wana njaa.

Baba Furaha ameingiza miguu tu majini, tumbo lenye mrija halitakiwi kulowa. Furaha kamrushia maji magotini. Wamepiga kelele wote wawili. Nimekaa pembeni nikawatazama, nikasahau kumenya viazi.

Jumapili, 13 Julai

Jana joto la kukaanga mtu. Kambi nzima imewasha viyoyozi. Mashine ya Baba Furaha ndiyo kwanza imeanza, giza. Gari letu, gari la jirani, taa za njiani, zote. Mashine ikalia kidogo, ikanyamaza.

Nilisimama nje ya mlango. Sikuingia. Humo mwanamume amefunua tumbo, na mimi ni mama mkwe wake. Madirisha yamefungwa, wamefunika midomo, vijidudu visije vikaingia. Tumaini ana mikono miwili, yote inahitajika kwenye mifuko. Tochi anayo Furaha. Niliona mwanga unacheza kwenye pazia.

Nikaingia. Nikafunika mdomo, nikachukua tochi kwa mtoto, nikamtoa nje. Uso nimeugeuzia kabatini, mkono nimeunyoosha nyuma. Namulika nisikokuona. Jasho linaingia machoni.

Kisha mkwe wangu akasema, mwenyewe, bila mtoto katikati:

"Mama, lete mwanga kushoto kidogo."

Nikaleta.

"Hapo hapo, Mama."

Nikabaki hapo hapo. Nikasikia maji yanashuka. Mkono ukafa ganzi. Akaniuliza nimechoka? Nikamwambia nyamaza uhudumiwe. Nikasikia anacheka ndani ya kile kitambaa cha mdomo.

Wakati umeme unarudi alikuwa amelala. Tumaini alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kwenye goti la mumewe. Nikafunga mlango, nikaenda kwenye hema langu nikalia. Basi. Asubuhi nimepika viazi.

Jumatano, 16 Julai

Nyumbani. Jana wamempima kliniki. Maji yanayotoka tumboni ni maangavu, hakuna uchafu ulioingia. Nimeshukuru, nimelala mchana kama mtu mwenye nafasi.

Jioni Furaha amekaa kwenye kompyuta kuipa kambi nyota. Mama yake kasema moja, na hiyo moja ni ya kuni. Baba yake kasema tano. Kambi ileile, usiku uleule, kitanda kimoja. Hawakugombana. Tumaini kamwekea mkono begani, akaenda kuvaa nguo za kazi. Mtoto kaniuliza mimi. Nikamwambia mimi nilikuwa naangalia kabati.

Alipokwenda kulala, Baba Furaha amekuja jikoni. Zamani angemtuma mtoto. Ameomba uji. Kasema tumbo limetulia leo. Nimemkorogea mwepesi, amekunywa amesimama, kikombe amekiosha mwenyewe. Mvua kidogo nje.

Wewe, ukifungua tena hapa, usianze na samaki wala kufua. Anza na alivyolala mkwe wako. Na usimtume Furaha kumwuliza. Mwulize mwenyewe.