Mama Mdogo Hakurudi

Jumanne, Dodoma. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Miaka yote nimeandika michezo ya jukwaani, ya mashuleni na ya sherehe za wilaya. Hii ndiyo filamu yangu ya kwanza. Inamhusu mama mdogo, aliyefiwa na mume kule Kondoa, kisha shemeji yake akamwambia achague: arithiwe au atoke kwenye nyumba. Alitoka. Aliniruhusu kuandika kwa sharti moja, katika hadithi nisimrudishe kwa shemeji.

Leo tulikuwa tunarekodi mwisho wa filamu, katika nyumba tuliyoazima Kizota. Mama mdogo alikuja kutazama. Nilimketisha nyuma ya kamera.

Ndipo Festo, mwongozaji wetu, akanipa karatasi mpya. Mjane anarudi, anapiga magoti, shemeji anamsamehe.

"Wenye filamu wanataka watu wafurahi," alisema.

"Mwenye kisa yuko pale, Festo."

"Hii ni filamu, dada. Siyo mahakama."

Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka filamu hii. Hata hivyo nilimwambia akirekodi hayo, jina langu alitoe.

"Sawa," akasema taratibu. "Tutalitoa."

Sikutegemea ingekuwa rahisi vile.

Neema, anayeigiza mjane, alikuwa amesikia. Aliisoma ile karatasi, akamwendea mama mdogo.

"Shikamoo mama. Ulirudi kwa shemeji yako?"

"Marahaba. Sikurudi, mwanangu. Nililala kwa jirani, asubuhi nikapanda lori la mahindi."

Neema akamrudishia Festo karatasi yake. Akasema ataigiza alichokariri.

Karakana ya jirani ilikuwa inakata vyuma. Mlio ulipokoma, Festo akaagiza kamera iwashwe. Amerekodi mwisho wangu, lakini ametuonya: wenye filamu wataitazama kesho, na wakiikataa, mimi na Neema hatumo.

Naogopa. Nimeishika simu tangu nirudi, kana kwamba watapiga leo.

Nilipomsindikiza mama mdogo stendi, aliniuliza wakikataa nitafanya nini. Nikamwambia nitaigeuza filamu kuwa mchezo wa jukwaani, niupeleke Kondoa, shemeji yake auone pamoja na watu wote.

Aliuweka sawa mtandio wake.

"Mimi nitakaa mbele," akasema.