Kidani cha Mamake Mejumaa

Maleka, acha unachofanya usome hii.

Mama mkwe wangu, Mejumaa, alipeleka kidani cha marehemu mamake kwa sonara wa Mji wa Kale kitiwe kulabu mpya. Kulabu tu, Maleka.

Leo tumekwenda kukichukua. Sonara akamwekea mezani bangili mbili zinazong'aa. "Binti yako Sidi alinipigia simu. Alisema hicho cha kizamani nikiyeyushe, nikufanyie za kisasa."

Mama akasema, "Mimi nataka kidani changu." Akarudia mara tatu, polepole.

Nyuma ya kidani hicho babake Mama alichora jina la mkewe kwa ncha ya sindano, siku ya posa. Yule mzee hakuacha hata picha. Mwandiko ule ndio uliobaki wake duniani.

"Na jina je?" Mama akauliza.

"Limeyeyuka na dhahabu, mama."

Hakulia. Alizivaa palepale, tukarudi nyumbani Buxton.

Sidi alitungojea mlangoni, uso umejaa furaha. "Mama, umezipenda?"

"Zimenikaa vizuri, mwanangu. Ahsante."

Kisha akaingia chumbani, akajifungia. Sidi yuko jikoni ampikia biriani, aimba. Nami sina ulimi wa kumwambia.