Aliyefunga Mlango Ni Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba cha maelezo, siku ya Jumatano, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Jina: Anajulikana kwa jina la Bi Pindo
Umri: Miaka 56
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kulia, nyumba ya wapangaji iliyo juu ya karakana ya seremala
Uhusiano na mtuhumiwa: Jirani

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Jana jioni mlimchukua kinyozi wa nyumba yetu kwa kosa la kumfungia mkaguzi wa kampuni ya televisheni ya waya ndani ya chumba, naye akawaambia kwamba ni kweli, ndiye aliyefunga. Amewadanganya. Chumba ni changu, ufunguo ni wangu, aliyefunga mlango ni mimi. Afande amenikumbusha kwamba shahidi anaeleza alichokiona. Mkono wangu niliuona.

Naishi na kaka yangu, ambaye amenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Alikuwa mwamuzi wa mpira kwenye ligi ndogondogo, mwembamba, mbio kama swala, na wachezaji walimwogopa kuliko baba zao. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukua upande wa kulia, kikaondoka na maneno pia. Akili anayo yote na ubishi anao wote. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Mimi nashonea hapohapo chumbani, lakini zipo siku lazima nitoke kupeleka nguo kwa wateja, na siku hizo anabaki peke yake.

Tulitafuta kila njia ya yeye kuita mtu. Filimbi yake ya uwanjani haikufaa, maana pumzi inatokea pembeni mwa mdomo. Kengele ilimezwa na msumeno wa seremala. Simu nayo ilimshinda. Kidole kinatetemeka, kikigusa kioo kinapiga kwingine. Alimpigia mteja wangu mmoja mara nyingi sana mchana mmoja, mpaka yule mteja akahamia kwa fundi mwingine. Mwisho tukakubaliana kwamba nikitoka, mlango wetu usifungwe, ili jirani yeyote aingie kumchungulia.

Sasa nieleze habari ya king'amuzi, kwa sababu ndicho kile kilichowekwa juu ya kabati hapo nyuma ya afande, na ndicho chanzo cha yote.

Zamani waya wa kampuni ulipita ukutani, ukachomekwa nyuma ya televisheni, basi, mtu anatazama. Mwaka jana wakabandika tangazo kwenye mlango wa chini. Lilisema kuanzia mwezi unaofuata picha zote zitafungwa kwa msimbo, na kila televisheni itahitaji king'amuzi chake cha kuzifungulia. Neno BURE liliandikwa kubwa, linaonekana toka barabarani. Chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa, waliandika kwamba bure ni miezi mitatu, baada ya hapo ni kukodi, kila mwezi, kila kimoja. Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Herufi ndogo hazinipigi chenga. Niliwasomea majirani wote pale kwenye ngazi. Waya ni uleule, ukuta ni uleule, watangazaji ni walewale na tai zao. Kilichoongezeka ni kufuli, na kufuli tunalikodi sisi tuliofungiwa.

Kinyozi ndiye aliyesema, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukodi kimoja, kila mtu atoe kidogo." Tukakubali. Nikaenda ofisini kwao nikasaini mimi. King'amuzi kikawekwa chumbani kwetu, kwa kuwa kaka yangu hatoki. Waya za zamani bado zilikuwa zinaunganisha vyumba vyote vinane na duka la kinyozi, kwa hiyo tulichomeka waya mmoja kutoka kwenye king'amuzi tukaurudisha ukutani, na picha ikashuka mpaka chini. Mkaguzi anauita huo wizi. Nilisaini king'amuzi kimoja, na tulikuwa na king'amuzi kimoja. Kama kuna mwizi hapo, aandikwe aliyesaini.

Kilichotokea hatukukitarajia. Rimoti ni moja, na aliyeishika ni kaka yangu, kwa hiyo nyumba nzima ikawa inatazama anachotaka yeye. Akiweka mpira, wote mpira. Mama Mapacha wa ghorofa ya pili alikuwa akipanda ngazi na mwiko mkononi, kudai tamthilia yake. "Kaka, nakuomba! Leo ndiyo leo, anaambiwa baba wa mtoto ni nani!" Kaka yangu anacheka kwa nusu ya mdomo, anamwachia dakika mbili, anarudisha mpira. Mtu ambaye hawezi kujifunga kifungo cha shati alikuwa anatawala ghorofa tatu. Mimi nilifurahi sana kuliona hilo, na sioni haya kulisema mbele ya polisi.

Siku moja niko nje, akateleza kutoka kitandani akalala sakafuni, rimoti mkononi. Akabonyeza hovyo. Chini dukani wateja wakaona picha inaruka, habari, katuni, mapishi, habari. Kinyozi akapanda kuja kugomba, akamkuta chini. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu: picha ikirukaruka, aliye karibu apande. Hata pacha wadogo wanaijua. Wamepanda watu kwa sababu ya kiu, kwa sababu ya dirisha lililofunguka mvua ikanyesha, na mara moja kwa sababu alitaka tu kumwonyesha mtu bao lilivyofungwa. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa Mama Mapacha, na yeye hulalamika huku anapanda.

Jana, Jumanne, nilitoka nyumbani saa tatu na nusu asubuhi kupeleka sare za wahudumu wa hoteli. Mlango niliuacha bila kuufunga, kama kawaida. Niliporudi ilikuwa saa saba na dakika kama ishirini mchana.

Nilimkuta kaka yangu chini, kati ya kitanda na ukuta, shavu juu ya saruji. Alikuwa amejilowesha. Rimoti ilikuwa mkononi, ameielekeza mezani mahali pa king'amuzi, na kidole gumba kilikuwa bado kinabonyeza. Mezani palikuwa na alama ya vumbi tu. Nilimwambia, "Kaka, acha, nimefika." Hakuacha. Ilibidi niushike mkono wake kwa yangu miwili.

Nilipiga kelele, wakapanda Mama Mapacha na kinyozi, tukamwinua. Mama Mapacha akaanza kulia. Alisema kwenye saa nne alikutana na mkaguzi wa kampuni kwenye ngazi, amevaa fulana yao, ana begi, na wakati huo televisheni ilikuwa imezimika. Alimuuliza kuna nini. Akamjibu, "Ni matengenezo tu, mama, picha itarudi." Kwa hiyo nyumba nzima ilikaa mbele ya vioo vyeusi ikisubiri matengenezo, na kaka yangu akabonyeza saa tatu nzima, na hakuna aliyepanda. Mtu huyo aliingia chumbani, akamwona mtu kitandani anayepiga kelele bila maneno, akang'oa waya, akaondoka. Afande ameniuliza najuaje kwamba alimwona. Chumba changu kina hatua tano, na kitanda ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ndani yake.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa yeye. Alirudi kwa sababu king'amuzi kisicho na rimoti ofisini kwao hakipokelewi, wanamkata mshahara yeye. Asubuhi alijaribu kuichukua, kaka yangu akaing'ang'ania. Akasema, "Mama, naomba rimoti ya kampuni."

Sikumtukana. Nilimwambia, "Karibu ndani, mwanangu." Akaingia. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa haujatumika mwaka mzima, ilibidi niutafute kwenye kopo la vifungo, na yeye amesimama ananitazama ninavyochakura. Nikaupata. Nikafunga. Nikaurudisha kwenye kopo, nikalikalia kopo.

Akasema, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia, "Ni matengenezo tu."

Alisema nimwache atoke. Nilisema akirudishe kifaa mahali alipokikuta ndipo atoke. Alisema mkataba unasema televisheni moja. Nilisema mkataba nimeusoma mpaka mayai ya chawa, na hakuna mahali umeandika kwamba mtu akikuta mgonjwa peke yake apite kama hajaona kitu. Alisema atapiga simu polisi. Nilimpa chaja. Alipiga mbele yangu, na nilimsikia akisema yuko ndani na kuna mtu ana wembe mlangoni.

Hilo la wembe nalieleza. Kabla ya simu hiyo kinyozi alisikia sauti zetu akiwa chini, akapanda, akachungulia kwenye dirisha la kando ya mlango akiniuliza, "Dada, kuna usalama?" Alikuwa ameshika wembe kwa sababu alikuwa ananyoa. Mteja wake naye alipanda nyuma yake, povu kwenye shavu moja. Hakuna aliyetishwa kwa wembe. Mimi niliyekuwa ndani nilikuwa na mkasi wa kukatia suti, ambao ni mkubwa zaidi, na ulikuwa ukutani kwenye msumari wake muda wote.

Baada ya hapo kaka yangu aliteremka tena kitandani, nusu mwili nje. Peke yangu simwezi. Nilimwambia yule kijana, "Shika miguu." Alisita, kisha akashika. Tulimwinua, tukabadilisha shuka, na yeye ndiye aliyeona pale ubavuni palipochubuka kwa saruji. Kaka yangu alimtazama, halafu akanyoosha rimoti kuelekea mezani, akabonyeza mara moja, kama vile anamwonyesha kadi. Yule kijana akafungua begi. Akarudisha king'amuzi, akachomeka waya wa kushuka chini kwa mkono wake mwenyewe, akawasha. Nikasikia nyumba nzima inapiga makofi. Nikainuka kwenye kopo nitoe ufunguo.

Hapohapo polisi wakagonga. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Nilifungua mwenyewe. Wakauliza ni nani aliyefunga, na kabla sijafumbua mdomo kinyozi akasema, "Ni mimi." Alimtazama kaka yangu, akanitazama mimi, nikaelewa hesabu yake: mimi nikilala rumande, nani atamgeuza mtu huyu? Nilisema hapana, ni mimi, wakasema nisiingilie kazi. Mkaguzi alikuwa anatazama viatu vyake. Wakamchukua kinyozi, wakachukua na king'amuzi, kielelezo cha wizi.

Sikulala. Leo nimemwacha kaka yangu na Mama Mapacha, ambaye amehamia kwangu yeye na pacha wake. Rimoti hatujamnyang'anya. Kila saa anaielekeza kwenye meza tupu na kubonyeza, na Mama Mapacha anasema, "Nipo, Kaka, nipo hapa." Lakini kesho ana kazi, na mimi nina kazi.

Afande amenishauri kwa wema niseme kwamba nilipitiwa na hasira. Hasira nilikuwa nayo na ninayo mpaka sasa hivi, lakini haikunipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu wakati natafuta ufunguo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kinyozi mtoeni, hana kosa, na ana mteja anayetembea mjini na ndevu za upande mmoja tangu jana. Kama kufunga ni kosa, nami nakubali ni kosa, basi muiteni na aliyetangulia kufunga, yule aliyefunga picha kwenye waya wetu akatukodisha ufunguo.

Niliyoyatenda ni hayo, na sina ninalolijutia. Mtu yeyote akija tena kung'oa kifaa kile wakati kaka yangu yuko peke yake, nitaufunga mlango tena. Iandikwe hivyohivyo.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya neno kwa neno, akakubali kuwa ndivyo alivyosema. Nimemwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, nikamshauri afute sentensi mbili za mwisho. Amekataa. Mtuhumiwa kinyozi atahojiwa upya leo kuhusu kukiri kwake. Mkaguzi ameitwa kueleza habari ya wembe.

Kielelezo namba moja, king'amuzi, askari walikikuta kikiwa kimeunganishwa na kinafanya kazi. Kwa kuwa kielelezo hutunzwa katika hali kilichokutwa nayo, na kituo hakina televisheni, nimemkabidhi shahidi akitunze nyumbani kwake, mahali palepale, kikiwa kimewashwa, mpaka mahakama itakapokihitaji. Ameondoka nacho saa sita kasoro dakika tano.