Vocha Haiezeki Nyumba

Jumanne usiku

Bado sijui kama nimefanya vizuri.

Baba Ryan alikuwa aje nyumbani wiki ijayo kutoka kazi ya Uarabuni, lakini ndege yake imefutwa. Leo ameambiwa achague: arudishiwe pesa, ama apewe vocha ya kusafiri baadaye. Alinipigia nikipika chapati hapa hotelini Salgaa. "Mama Ryan, amua wewe." Chapati mbili zikaungua.

Mama mkwe aliposikia akanipigia mbio. "Pesa ni pesa! Hiyo vocha nitaezeka nayo nyumba?"

Si mtu mbaya. Nyumba yake inavuja kweli. Lakini pesa ikiingia kwa simu ya Baba Ryan haikai. Huyu mabati, yule karo, mwingine matanga, na yeye hajui kukataa. Nauli ya Krismasi iliisha hivyo hivyo. Vocha ina jina lake peke yake. Hakuna wa kuomba atumiwe.

Nikamwambia Baba Ryan, "Chukua vocha." Akacheka. "Haya, umeniweza."

Na hiyo kampuni ya ndege ikifungwa je? Na mdosi wake akimnyima likizo tena... Sitaki kuwaza.

Kwa kina Baba Ryan, mtoto hanyolewi nywele za kwanza baba asipokuwepo. Ryan ana miaka miwili na watu wanamwita msichana. Jioni nimemsuka mistari, akalala kwa mapaja yangu kabla sijamaliza.

Ngoja kidogo tu, Ryan wangu. Wembe nimeshanunua.