Sauti ya Mama Sare Bado Inatembea

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umekaa kwenye cherehani, sare ya mtoto wa watu ingali chini ya sindano. Mtaa mzima ulikuita Mama Sare. Mtoto ulimpima kwa jicho tu, ukamwachia upindo mrefu ili sare imfae hadi mwaka unaofuata. Na mdomo ulikuwa nao. Mteja aliyekuja kugombana aliondoka anacheka, na nguo yake bado haijaisha.

Leo tunakukumbuka kwa hofu, na hatuoni haya kulisema.

Unajua ilivyoanza. Mjukuu wako alipata homa siku chache baada ya chanjo ya surua. Ukashikwa na kiwewe, ukamrekodia dada yako ujumbe kwenye simu: "Msiwapeleke watoto. Hiyo chanjo inaua." Cherehani inasikika kwa nyuma. Kesho yake mjukuu alikuwa anarukaruka, na muuguzi akakueleza kuwa homa ile huja na kupita. Lakini dada yako alikuwa keshawatumia wenzake, nao wakawatumia wenzao. Ulirekodi mwingine wa kusahihisha, mrefu, wa upole, na hakuna aliyeusambaza wala kuuhifadhi. Ukapita mlango kwa mlango kuomba radhi. Wapo waliosema umezibwa mdomo.

Kitindamimba wako alikuwa akiusikiliza ule wa kwanza kila alipokukumbuka, maana ndiyo sauti yako pekee iliyobaki. Sasa mwanawe amefikia umri wa kuchanjwa surua, na surua yenyewe imeingia mtaani. Mwezi uliopita ujumbe wako ulimfikia kutoka kwa mtu asiyemjua, umeandikwa juu yake "Onyo la daktari". Akamkimbilia jirani, mama wa mapacha, ambaye naye alikuwa ameshausikia, akamsihi waende zahanati pamoja kuwachanja watoto. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Marehemu mama yako hawezi kunidanganya."

Pacha mmoja amelazwa, anahema kwa shida. Mwenzake ameanza kutoka vipele.

Kitindamimba alimpeleka mwanawe akachanjwa. Njia nzima, Mama, sauti yako ilikuwa ikimwambia arudi. Alipofika nyumbani aliufuta ujumbe. Baba naye aliusikiliza mara ya mwisho, akaufuta. Hatuna tena sauti yako humu ndani, ila huko nje bado inaingia nyumba za watu, na hatujui leo imefika kwa nani.

Tunajua ungetutuma tuseme hivi: aliye nayo aifute, asimpelekee mwingine.

Wanaokukumbuka ni mumeo fundi viatu, wanao, wakwe zako, wajukuu, na dada yako, ambaye siku hizi simu ikilia anatoka chumbani.

Tutakukumbuka daima, Mama, hata itakapofika siku ya kusahau sauti yako ilivyokuwa.