Neno Nililokusahihisha Mbele ya Watu

Mwaitu,

Sijui salamu ya mama aliye huko kwa wafu inaanzaje, kwa hivyo nitaanza na habari za leo.

Leo ni Jumapili ya mamajusi. Nimetoka kanisani, nimewavua watoto nguo nzuri, nimewapa chakula, na sasa wote wawili wamelala kwenye mkeka hapa mlangoni penye upepo. Nimeng'oa karatasi katikati ya daftari la Ndinda, pale kwenye pini, ndiyo asijue. Nikikaa bila kushika kitu mkononi nitalala na mimi, na nikilala sitakuandikia tena. Nimeahirisha tangu Agosti.

Una wajina. Alizaliwa wiki saba baada ya kukuzika, msichana, vidole virefu kama vyako. Nilimwita Mutheu bila kuuliza mtu. Ndinda, wa kwanza, alishabeba jina la mama ya Baba Ndinda, zamu ilikuwa yako. Wanawake wa hapa Matinyani wakimsikia akilia wananiambia, "Kimbia, mamako anakuita." Ni ule utani wetu wa siku zote. Na mimi nikimfunga mgongoni namwita Mwaitu, kama vile watu wote wanavyowaita watoto wenye majina ya mama zao. Siku ya kwanza nilisema vizuri tu. Siku ya pili ndiyo nilijisikia. Nimeita mama yangu, na aliyeitika ni mtu asiyeweza hata kushika shingo yake.

Mvua ilikuja. Wewe uliondoka mbuzi wakila karatasi, na Novemba ikanyesha kama haijawahi kukataa. Ndengu zimekauka maganda, nachuma peke yangu. Baba Ndinda hakupata likizo ya Krismasi. Kile kiwanda anacholinda huko barabara ya Mombasa kilifungwa, na kikifungwa ndipo walinzi wanahitajika zaidi. Alipiga simu siku yenyewe. Nilisikia "mmekula" halafu netiwaki ikakatika, na sikujua kama alikuwa anauliza ama anatuambia tule. Nilikaa na simu mkononi. Miaka yote mtu akinikatikia hivyo nilikuwa nakupigia wewe, tunamsema kidogo, tunacheka, inaisha. Sasa haiishi. Inakaa hapo tu.

Kwenye ibada ya Krismasi walitupa mishumaa, na nikakumbuka mishumaa ya kwetu Nuu. Unakumbuka? Pasta alikuwa na makanisa manne ya kuzunguka na sisi zamu yetu ilikuwa saa sita mchana. Saa sita, na lile jua la Nuu! Tunasimama nje ya kanisa la mabati kila mtu na mshumaa, na hakuna anayeona moto wake. Nilikuuliza tutajuaje kama inawaka. Ukaniambia, "Kama huamini, weka kidole." Nikaweka. Ukanipuliza kidole huku ukiimba, hata hukukosa ubeti.

Lakini sikuketi kuandika habari ya mishumaa.

Krismasi ikiisha, watoto wa watu wanarudi Nairobi, na kanisa linabaki na wazee na benchi. Ndiyo maana somo la Jumapili ya mamajusi lilikuwa lako kila mwaka. Hakuna mwingine aliyelitaka. Walikuita Mama wa Mamajusi na ulipenda, usikatae, nilikuona unavyorekebisha kitambaa wakikuita. Uliishia darasa la nne. Ulikuwa unaanza kufanya mazoezi wiki nzima kabla, ukipika, kitabu umekiegemeza kwenye mtungi, kidole chini ya mstari. Uliwasomea hata mbuzi. Mimi nilijua kusoma kabla sijaenda shule kwa sababu ya hicho kidole.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi likizo nikiwa na Kiswahili cha mwalimu wetu wa kutoka pwani, aliyekuwa anatusimamisha darasani mpaka r itoke. Nilikaa na wasichana wawili wa shule yetu. Wewe ukapanda mbele, ukasoma yale ya nabii, kwamba nuru imekuja na mataifa yote yatakuja kwenye hiyo nuru. Na ukasema nulu. Ulimi wa Kikamba hauna hiyo r, kila mtu pale ndani alikuwa anasema hivyo. Pasta mwenyewe alikuwa anasema Malia na hakuna aliyeshtuka. Lakini wale wasichana walichekea kwenye leso, mmoja akanidunga na kiwiko, na mimi nikaona aibu.

Nikasema kwa sauti, nikivuta r kama mwalimu, "Ni nurrru, Mama." Hata sikusema Mwaitu. Nilisema Mama, ndiyo wajue nimesoma.

Kanisa lilicheka. Haikuwa kwa ubaya, najua. Mzee wa benchi ya mbele akasema, "Haya, mwalimu amefika na fimbo yake," wakacheka tena. Wewe ulisimama na kidole kwenye mstari. Halafu ukaendelea, na kila ulipofika kwenye hilo neno uliliruka. Ulikuwa unasoma, unanyamaza kidogo, unaendelea. Wasichana hawakugundua. Mimi niligundua. Nilikuwa nimekusikia ukilisoma wiki nzima.

Nyumbani ulinipakulia muthokoi, sahani ya kwanza. Bora ungenichapa.

Mwaka uliofuata ulimwambia mwinjilisti atafute mtu mwingine, macho yako yameharibika. Nilikuwa nimesimama hapo. Siku hiyo hiyo ulishona sketi yangu ya shule, na uzi uliingia kwenye sindano mara ya kwanza. Hukusoma tena mbele ya watu mpaka ukafa. Miaka kumi na mmoja, Mwaitu. Na mimi kila nikija nilikuwa nasema leo nitamwambia. Kule hospitali nilikaa kwenye kile kiti siku nne. Nilikuuliza kama mto uko sawa. Nilikuuliza kama unataka uji. Ya maana sikusema. Ulipokuwa unaniangalia nilikuwa naangalia dawa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Mama Kasyoka, ndiye kiongozi wa akina mama hapa kwetu, alinishika nikitoka kanisani akaniambia Jumapili ya mamajusi nisome. Nikamwambia nina mtoto mchanga. Akasema, "Huyo nipe mimi. Wewe umesoma, usijifiche nyuma ya nepi." Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Nani hajachoka? Hao wa Nairobi wakishaenda tunabaki ni sisi." Nikasikia kama ni nyinyi wa Nuu mnaongea. Nilitaka kukataa. Niliona kama ni kukalia kiti nilichokunyang'anya. Lakini mtu mwenye kosa akikataa pia si anajipa heshima asiyostahili? Nikasema sawa.

Leo nikampa Mama Kasyoka mtoto, nikamkalisha Ndinda benchi ya mbele, nikapanda. Somo ni lile lile. Nikafika pale pa mataifa kuja kwenye nuru, na wafalme, na ngamia wengi wakileta vitu. Ndinda akasimama juu ya benchi, akanyoosha mkono, akapiga kelele, "Mama! Nuu! Wanaenda Nuu! Kwa Susu!"

Usimcheke. Angejuaje? Hiyo r bado hajaishika, na masikio yake hayaisikii. Nuu anaijua, ni kwako wewe, susu yake. Na kwenye mazishi yako wale wafugaji walipita na ngamia nyuma ya boma, akawaangalia mpaka wakaisha. Kwa hivyo kwake yeye somo lote lilikuwa wazi kabisa. Wafalme wamekuja Nuu, ngamia aliwaona kwa macho yake.

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Vijana wa kwaya wakaanza, "Nuu! Nuu! Twendeni Nuu!" Mzee mmoja akauliza kwa Kikamba, "Nuu?", na kwetu nuu ni kuuliza nani, basi kila mtu akawa anamuuliza jirani yake nani, na kicheko kikaanza upya. Ndinda alicheka nao mwanzoni. Halafu nikaona shingo inaingia mabegani. Akashuka kwenye benchi polepole, akaniangalia.

Na mdomo wangu, Mwaitu, ulikuwa umeshafunguka. Neno "siyo" lilikuwa limefika kwenye meno. Ni mdomo ule ule. Nilidhani nimemwacha yule msichana wa kidato cha pili huko nyuma, kumbe nimezaa watoto wawili na bado yuko humu ndani, anangoja tu mtu akosee.

Nikafunga mdomo. Nikangoja wamalize kucheka. Ni muda mrefu sana ukiwa umesimama pale mbele. Sikujua ni mrefu hivyo, mimi nilikuwa upande wa benchi. Wewe ulingoja hapo na kidole kwenye mstari, na aliyekuletea kicheko ni mtoto wako.

Wakanyamaza. Nikasema, "Ndinda, nimekusikia. Kaa tusome mpaka mwisho." Nikamwangalia yule kijana wa kwaya mpaka akainamisha kichwa. Nikasoma mpaka mwisho. Sikuruka neno hata moja.

Njiani tukafika kwenye kisima. Hapo Ndinda akaniuliza kama wale wafalme walikupata nyumbani. Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na nilikuwa nimechoka, jua limenipiga, mtoto analia mgongoni. Lakini sitaki akue akiwa na kitu cha uongo ambacho siku moja msichana mwingine atakichekea. Tulipofika nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikamwambia sikioni, sisi wawili tu: lile neno ni nuru. Kwa Kikamba ni kyeni. Siyo Nuu. Nuu ni kwa Susu, na Susu alikufa, wale wa ngamia walikuwa wanatafuta malisho.

Akafikiria. Akaniuliza, "Kwa hivyo kwa Susu hakuna kyeni?"

Mwaitu! Nilikaa chini na nguo za kanisani. Hiyo nyumba yako imefungwa kwa kufuli tangu mazishi, uani majani yamefika magotini, wameniambia. Sikuja Krismasi. Nilisema ni safari na mtoto mchanga, na ni kweli, lakini pia niliogopa kuona mlango wako umefungwa mchana. Nilimwambia Ndinda kyeni iko huko. Akasema, "Umeiona?" Nikasema nitaenda kuona. Akaridhika, akala, akalala. Mimi ndiyo sijaridhika. Wewe ungemjibu kwa maneno matatu na angecheka. Hapa hakuna wa kuniambia kama nimemjibu vizuri. Hiyo ndiyo inanimaliza, kuliko ndengu, kuliko kuamka na mtoto. Hakuna mtu wa kuniambia umefanya vizuri, ama umekosea, rudia.

Kwa hivyo nitajiambia mwenyewe. Nilikosea. Ulikuwa unasoma vizuri. Watu wote walikuwa wanakuelewa, hata mbuzi, na mimi nilichukua herufi moja nikakufungia mdomo nayo. Nisamehe.

Nimeandika hilo neno na nimeliangalia. Ni jepesi sana hapa kwenye karatasi, watoto wamelala, hakuna anayeniona. Ningeikunja karatasi niiweke kwenye sanduku na niseme yameisha. Hapana. Kosa nilifanya wakiwa wamejaa benchi, na kuomba msamaha nikijificha ni kukuruka kama vile uliruka lile neno.

Ndengu zikishaingia kwenye gunia, mwezi wa pili, nitawabeba hawa wawili nije Nuu. Nitafungua nyumba, nitafyeka uani, nitamlaza wajina wako kwenye kitanda chako. Jumapili nitaenda kwenye lile kanisa la mabati na nitamwomba Pasta dakika mbili. Wengi waliocheka bado wako, na yule mzee wa fimbo pia. Nitawaambia kwamba macho ya Mutheu hayakuwa mabaya hata siku moja. Nitawaambia nani alimnyamazisha. Wengine watasema ni mambo ya zamani, kaa chini, unyonyeshe mtoto. Sitakaa mpaka nimalize. Na Ndinda atakuwa benchi ya mbele asikie mama yake akijisahihisha kwa sauti, ili siku nikimkosea asihitaji kungoja miaka kumi na mmoja.

Mtoto anaamka, ameanza kutafuta titi kwa mdomo. Pumzika, Mwaitu. Mimi nakuja kuwaambia.

Mtoto wako,
Mwikali