Ukungu Nyuma ya Kabati la Mama

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini u mzima na kazi yako ya mabomba huko inakwenda vizuri. Sisi huku tunaamka, lakini nisikudanganye kwamba sote ni wazima. Mama anakohoa, na siku hizi akifika mlangoni hushika fremu kwanza ndipo aendelee.

Utakumbuka mwaka jana mwanangu alivyokuwa akibanwa kifua. Ghafla mama akataka wabadilishane vyumba, akidai chumba cha mtoto kina utulivu. Tukamcheka, tukasema uzee una mambo. Mtoto akapona, nasi tukaisifu dawa. Kumbe!

Wewe uliyeniita Kipua kwa kunusa kila sufuria wajua pua yangu haikosei. Kila nikifungua chumba kile nilikutana na harufu ya kiatu kilicholowa. Mama akasema ni nguo za zamani. Nikafua nguo, nikaanika godoro, nikapuliza manukato, wapi! Juzi alipokwenda zahanati nikamwomba mume wangu tusogeze kabati. Kaka, nilipiga kelele. Ukuta ulikuwa mweusi toka sakafuni hadi usawa wa kiuno, ukungu umeota manyoya, rangi inabanduka kama ganda la kiazi. Nikafunga koki zote za nyumba, nikaenda kutazama mita ya maji. Ilikuwa bado inazunguka, taratibu, haina habari na mtu.

Mama aliporudi nilimuuliza kama alijua. Hakubisha. Alijua tangu mjukuu wake alipougua, ndiyo maana akakitaka chumba, na ndiye aliyelisukuma kabati kuuziba ukuta. Nilikasirika mno, nikamwambia angesema tungeita fundi siku hiyohiyo. Akajibu kwamba fundi wake anaye.

Mume wangu akavunja plasta. Mama amenikataza kabisa nisikuandikie haya, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye kiungo kinachovuja kuna doa la rangi nyekundu, lile unaloweka kwenye kila kazi yako ili watu wajue mkono uliopita. Ni lile bomba la bafuni linalopita ukutani humo, ulilomfungia mama kabla hujaondoka, alilowaonyesha majirani mpaka wakachoka. Alihofu fundi mwingine akiliona doa, jina lako litachafuka mtaani. Basi akaona heri aukohoe yeye huo ukungu.

Daktari anasema mapafu yamechakaa, hayatarudi yalivyokuwa. Tumemhamishia sebuleni, maji tumeyafunga, ukuta uko wazi. Mimi nalia jikoni ili asinione.

Shemeji yako anakusalimu, na mwanangu anauliza kama bado unamkumbuka. Mama hajui kwamba nimeandika. Jana alikuja fundi tuliyemwita, mama akamzuia mlangoni huku anatweta, akamwambia arudi zake, mwanawe yuko njiani anakuja kuimaliza kazi yake. Kaka, tafadhali, usimfanye mama mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
Kipua